Kompyuta Bubu: Kadi ya Tatu

Kitasa kilizunguka.

Ndipo tulipomwacha Kitinda juma lililopita, wasomaji wangu. Amepiga magoti chumbani kwa marehemu kaka yake, bisibisi mkononi, kompyuta kongwe imefunguliwa tumbo mbele yake. Pale palipopaswa kukaa kadi ya sauti hapana kitu. Humo ndani kila kifaa kimevaa vumbi kama blanketi, isipokuwa ule uwazi, ambao ni msafi. Mtu amepitisha mkono hapo, tena si zamani.

Na sasa kitasa kinazunguka.

Kitinda akaichomeka bisibisi ndani ya mkono wa sweta.

Aliyeingia ni Shemeji, mume wa dada yake mkubwa. Bwana huyu ana mwili wa kuziba mlango, lakini hutembea kimya kama paka. Tangu mazishi yeye na mkewe wamehamia pale nyumbani, wakisema wamekuja kumwangalia Mama.

"Unatafuta nini humo, shemeji?"

"Nafuta vumbi."

"Mpaka ndani?"

"Vumbi halichagui pa kukaa, shemeji."

Akacheka kwa mdomo tu. Macho yake hayakutoka kwenye ule uwazi msafi.

"Usijichoshe bure. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu, anakuja mchana huu kulichukua dude hilo."

"Nani kakutuma?"

"Nitumwe na nani? Lile dude linampa Mama simanzi. Halafu ni bubu, halina hata sauti."

"Kaka alikuwa analichezea kila jioni. Tulikuwa tunalisikia mpaka uani."

"Basi masikio yangu mabovu." Kicheko kikakauka. Akainama, akalichukua bati la kufunikia kompyuta na kulirudisha mahali pake polepole, kwa vidole viwili. "Mwache marehemu apumzike, shemeji. Na wewe upumzike. Umekonda."

Akatoka. Kitinda akamsikia akiongea na simu kule mbele barazani: "Njoo sasa hivi. Mchana mbali."

Hapakuwa na muda wa kupoteza.

Mama alikuwa chumbani kwake, amelala chali, macho darini. Tangu mwanawe afariki miguu ilimkataa, na mikono nayo ilikuwa imeanza kufuata.

"Mama, naipeleka kompyuta ya Kaka kwa fundi. Shemeji anataka kuitupa."

"Ipeleke," alisema Mama. "Umeniambia imo sauti yake ya siku ile."

"Faili lipo. Tarehe ni ya siku ile ile. Ila haitoi sauti mpaka iwekewe kadi."

Siku ile, kwa wale mliojiunga nasi leo, nyumba ilikuwa tupu. Mama alikwenda kliniki. Kitinda alikuwa kazini kwake, duka la vitambaa. Dada na mumewe walikuwa safarini, ndivyo walivyosema. Mama aliporudi alimkuta mwanawe sakafuni kando ya kiti. Daktari akasema ni moyo. Akaongeza neno ambalo laiti angelimeza: kwamba marehemu hakuondoka mara moja.

Neno hilo ndilo lililomlaza Mama kitandani.

"Sitaki mengi," Mama alisema, akiushika mkono wa Kitinda kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo. "Kanisikilizie kitu kimoja tu. Mwanangu aliita nisimsikie? Alikufa peke yake kama kuku? Nikijua nitalala, hata kama ni vibaya."

"Nitakupigia simu, Mama."

Alitokea mlango wa jikoni, amelikumbatia lile dude zito kama gunia la saruji, akaingia kwenye teksi ya jirani. Gari lilipokata kona aliona kwa nyuma pikapu ya vyuma chakavu ikisimama getini, na Shemeji akiinua mkono kuikaribisha.

*

Mtaa wa mafundi redio una harufu ya risasi ya kulehemu na plastiki iliyoungua. Duka la mwisho kabisa, lenye televisheni zilizofumuliwa mpaka mlangoni, ni la Bi Soketi. Jina lake halisi wateja wamelisahau, na yeye, ukimwuliza, hufikiri kwanza.

"Weka hapo," alisema bila kuinua kichwa. "Hapo sipo! Hapo pana chai yangu. Kijana wa siku hizi hata kuona kikombe haoni."

"Shikamoo, Bi Soketi. Ni ya Kaka."

Bi Soketi akainua kichwa. Akavua miwani.

"Marahaba. Naiona ni ya nani. Hiyo mikwaruzo ya ubavuni niliiweka mimi, tukiipandisha ngazi za kwenu. Alininunia wiki nzima." Akaipapasa ile mikwaruzo kwa kidole gumba. "Pole tena, mwanangu. Inaumwa nini?"

"Imeibiwa kadi ya sauti."

"Kadi peke yake?"

"Peke yake."

Bi Soketi akafungua bati, akachungulia kwa tochi, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Diski kaiacha. Vibao vya kumbukumbu kaviacha. Kachukua kadi. Huyu mwizi nimeshamjua."

Kitinda akamsogelea. "Ni nani?"

"Sura siijui, nimejua akili yake tu. Huyu anadhani sauti zinakaa ndani ya kadi ya sauti! Wako wengi. Wananiletea redio iliyokufa wakiniuliza nyimbo zimekwenda wapi." Akaizima tochi. "Kadi haihifadhi kitu, mwanangu. Ni mdomo na sikio, basi. Maneno yote yako kwenye diski. Huyu bwana kang'oa mdomo akidhani kafuta kumbukumbu."

Mwizi wa kawaida huiba kitu akauze. Huyu hakutaka kuuza. Alitaka maneno yasisikike.

"Tulihamishie hilo faili kwenye kompyuta mpya, basi. Tusikilize tu."

"Diski ya umri huu? Ukiitoa ilipozoea inaweza isizunguke tena, ukaja kunililia hapa. Iache ilale kitandani kwake. Tuirudishie mdomo."

Akavuta droo iliyojaa kadi kama sahani kabatini, akapekua, akapanga tatu mezani.

"Chagua."

"Mimi? Fundi si wewe?"

"Mimi kazi yangu kufunga. Kuchagua ni kazi ya mfiwa."

Kadi ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, inang'aa. "Sauti yake safi," alisema Bi Soketi, "lakini michezo ya zamani haiitambui. Utaipa mchezo wa kaka yako, utakaa ukiutazama kama sinema bubu. Kwa faili la maneno inatosha, kwa jioni za kaka yako haitoshi."

Kadi ya pili ilikuwa ndefu, nyeusi, nzito. Akaichomeka kwenye kompyuta yake ya kujaribia na kuwasha mchezo mmoja wa zamani. Duka likajaa zeze, filimbi na ngoma kubwa, kana kwamba bendi nzima imejificha nyuma ya televisheni mbovu.

Kitinda alishika mdomo. "Ni huo huo mchezo aliokuwa akicheza Kaka?"

"Ni huo huo. Ndani ya mchezo hamna wimbo uliorekodiwa, mna maagizo tu: piga hiki, shika, achia. Kila kadi inapiga kwa vyombo vyake. Hii ni tajiri, vyombo inavyo. Tena inaweza kupiga na kusikiliza kwa wakati mmoja. Mimi ningekuwa wewe ningeichukua hii."

"Na hiyo ya tatu?"

"Hii? Hii takataka."

Akaichomeka. Wimbo ukaanza upya, lakini sasa ulikuwa mwembamba, wa bati, kama mbu wamefungiwa ndani ya kopo. Chini yake palikuwa na mngurumo hafifu usiokoma.

Kitinda akafumba macho. Alijiona yuko uani anaanua nguo, jua linashuka ukutani, na dirishani kwa Kaka mbu wale wale wanaimba ndani ya kopo lile lile.

"Hii," alisema. "Nipe hii."

Bi Soketi akaichomoa kadi. "Una sikio. Ya kwake ilikuwa ndugu wa hii, toka kiwanda kimoja. Nilimpa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ila uijue tabia yake. Inanguruma. Halafu ni ya kizamani hasa: ikisema haisikii, ikisikia haisemi. Huwezi kuifanyisha yote mawili."

"Si kitu. Nataka kusikia tu."

Simu ya Kitinda ikatetemeka mezani. Shemeji. Akaigeuza kifudifudi.

Bi Soketi alifunga kadi, akakaza skrubu, akawasha. Skrini ikaandika mistari miwili, ikaganda.

"Zinagombea mlango mmoja, kadi hii na ile ya diski," alinung'unika. Akatwaa kibanio, akang'oa kifuniko cha plastiki kidogo kama punje ya mchele kilichokuwa kwenye pini za kadi, akakisogeza pini za jirani. "Haya, kila mtu na mlango wake. Msisukumane."

Akawasha tena. Safari hii spika zikatoa ule mngurumo, na Kitinda akajua kompyuta ya kaka yake imepata mdomo.

Simu ikatetemeka tena. Shemeji. Ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Anakutafuta kweli huyo," alisema Bi Soketi. "Mchumba?"

"Shemeji."

"Mashemeji wangu mimi hawanikumbuki mpaka wawe na njaa." Lakini alipoona uso wa Kitinda aliacha utani. Akaenda kufunga mlango wa duka kwa komeo, akarudi, akalitafuta faili lile, akabonyeza.

Kwanza ilisikika pumzi, na mtu akisafisha koo.

"Mlango huu haufunguki," alisema Kaka.

Kitinda akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mlango huu haufunguki," alirudia Kaka, sauti nzito zaidi. "Rudi ulikotoka, msafiri. Hapa hatoki mtu."

"Anaongea na nani? Bi Soketi, anaongea na nani?"

"Tulia, mwanangu, usiogope. Anarekodi maneno ya mchezo. Alikuwa anatengeneza wa kwake mwenyewe, aliniambia. Hakutaka mtu auone kabla haujaisha. Huyo ni mlinzi wa mlango anayeongea, sikiliza."

Kaka alirudia mara nyingine, akakosea, akacheka peke yake, akaanza tena. Nyuma ya maneno yake ulikuwa unapiga wimbo mwepesi wa haraka ambao Kitinda hakuwahi kuusikia. Machozi yalimtoka na huku anatabasamu.

"Na huo ndio muziki wake. Ameuweka nyuma anapoongea. Mama atafurahi. Alikuwa na raha, Bi Soketi, unamsikia? Alikuwa na raha mpaka..."

Mkono wa Bi Soketi ulikuwa umesimama juu ya kibodi.

Akairudisha sauti nyuma. Akasikiliza. Akairudisha tena.

"Huo muziki unatoka wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Ipi?"

"Si hii?"

"Hii ilikuwa inasikiliza, mwanangu."

Kitinda hakuelewa. Kisha akaelewa.

Ikisikia haisemi, na kadi ya Kaka ilikuwa ndugu yake. Kompyuta hii ilipokuwa ikiipokea sauti ya Kaka haikuweza kupiga hata noti moja. Kama wangeifunga ile kadi tajiri, inayoweza kufanya yote mawili, wasingeshtuka. Wangelia, wangezima, wangekwenda nyumbani.

"Palikuwa na mashine ya pili chumbani, imeletwa na mtu," alisema Bi Soketi polepole. "Ina mchezo ambao kaka yako hakumpa mtu. Tena inachezwa. Sikiliza hapo."

Wimbo ule mwepesi ulikatika, ukaporomoka kwa noti nzito, kama mtu anayeanguka ngazi. Ukanyamaza. Kisha ukaanza upya toka mwanzo.

"Hapo mchezaji kafa, kaanza tena. Na kaka yako bado anaongea na maikrofoni. Mikono ya nani inacheza?"

Kaka mwenyewe alijibu. Akaacha maneno ya mlinzi, akacheka kicheko chake kile cha utotoni, cha kumchokoza mtu.

"Umekufa tena! Hatua ile ile! Dada, wewe hujui kuruka."

Kitinda akakaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Yeye, Kaka alimwita Kitinda maisha yake yote, hakumwita Dada hata siku moja. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye Kaka alimwita Dada, naye ni huyo aliyesema alikuwa safarini. Ndiye aliyeshuka garini siku ya mazishi akipiga kelele, "Mmeniacha mbali, mmeniacha mbali," mpaka wanawake wanne wakamshika asidondoke.

"Zima," alisema Kitinda.

"Nizime?"

"Hapana. Acha. Mama anataka kujua."

Kiti kililia. Pumzi ikabadilika.

"Dada, hebu ngoja." Kimya kidogo. "Kifua changu. Dada, hiyo chai umeweka nini, mbona..." Kitu kikagonga meza. "Niitie mtu. Dada. Niitie mtu."

Mshindo.

Muziki uliendelea kucheza, mwepesi, wa haraka. Kitinda alikuwa amesimama sasa, uso karibu na spika, akisubiri miguu ikimbie, mlango upigwe kikumbo, mtu apige yowe la msaada. Alisubiri kana kwamba bado yangeweza kutokea.

Noti zikaporomoka ngazi. Mchezaji amekufa. Kimya.

Halafu wimbo ukaanza upya toka mwanzo.

"Yarabi," alinong'ona Bi Soketi. "Ameanza mchezo mwingine."

Ukapiga kwa muda mrefu. Hatimaye mlango ukafunguka, na sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu anayetembea kimya, ikauliza:

"Tayari?"

"Ngoja nimalize hatua hii," alisema Dada.

"Na hiyo taa nyekundu kwenye maikrofoni ni ya nini?"

Sauti ikakatika. Zikabaki spika zikinguruma.

Nje mtu alijaribu kusukuma mlango wa duka, akakuta komeo, akaondoka zake. Bi Soketi alikuwa wa kwanza kusogea. Alifungua droo nyingine, akatoa diski ndogo tupu.

"Nalinakili kidogo kidogo papa hapa. Wewe usiguse kitu. Usimpigie mtu."

Simu ikatetemeka. Kitinda akaigeuza akidhani ni Shemeji tena.

Ilikuwa Mama.

"Usipokee," alisema Bi Soketi.

"Ni mama yangu."

Akapokea. Ilimjia sauti ya Mama kwa mwangwi, kama simu imewekwa spika.

"Kitinda, mwanangu? Uko kwa fundi?"

"Niko, Mama. Uko na nani?"

"Na Dada yako. Karudi mapema leo, kasikia naumwa zaidi. Yeye ndiye kanishikia simu, mkono wangu hauna nguvu kabisa. Kanitengenezea supu, nimeinywa nusu." Mama akapumua. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Aliita?"

Kitinda akamtazama Bi Soketi. Bi Soketi akatikisa kichwa, mara moja tu, macho yamemtoka.

"Sema, mwanangu. Alikuwa peke yake?"

Jibu alilokuja kulitafuta lilikuwa hapa mezani, ndani ya diski inayozunguka. Angelisema, Mama angelala usingizi wake wa kwanza tangu msiba. Angelisema, na kijiko kiko mkononi mwa nani?

"Peke yake, Mama," alisema Kitinda. "Hakuita. Ilikuwa haraka."

Mama akaanza kulia, kilio kidogo kikavu cha mtu ambaye machozi yake yalikwisha zamani. Kitinda alikisikia kikienda mbali, kikienda mbali, kana kwamba simu inatolewa chumbani. Mlango ukafungwa taratibu.

"Umejibu vizuri, Kitinda," ikasema sauti ya Dada, karibu kabisa na sikio. "Sasa irudishe hiyo kompyuta nyumbani. Kabla supu ya Mama haijapoa."